Mataji ya NCAA (mashindano ya vyuo Marekani) kwenye mpira wa kikapu: nani anayo mengi, kocha John Wooden au Coach K (Mike Krzyzewski)?
Ni Wooden bana, anayo 10 pale chuo cha UCLA, Coach K ana 5 tu na chuo cha Duke. Watu wanachanganya kwa sababu K ndo kashinda mechi nyingi, 1,202 mpaka anastaafu 2022, na humo kuna za Army (timu ya chuo cha jeshi) alikoanzia kabla ya kwenda Duke 1980. Wooden alifika UCLA 1948 taji la kwanza akalipata 1964, yaani kasota kweli, halafu akaja kubeba 7 mfululizo, 1967 hadi 1973. Na mazoezi ya kwanza alikua anawafundisha wachezaji kuvaa soksi zisijikunje wakatoka malengelenge 😂 Ila hiyo hesabu ya mataji ni kwa wanaume, upande wa wanawake kocha Geno Auriemma wa chuo cha UConn kashafika 12.