Calestous Juma hakuwa mwanabiolojia

Je, Profesa Juma, yule msomi Mkenya, alikuwa mwanabiolojia? Hapana, hakuwa mtu wa maabara, japo wengi humdhania hivyo kwa sababu ya mjadala wa mbegu za GMO, yaani zilizobadilishwa vinasaba. Fani yake ilikuwa sera za sayansi na teknolojia, na uzamivu wake aliupata Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, mwaka 1987. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mwandishi wa sayansi na mazingira pale gazeti la Daily Nation, Kenya. Ndiyo maana alieleweka kirahisi! Mwaka 1988 akaanzisha ACTS, kituo cha Afrika cha masomo ya teknolojia, Nairobi, halafu akawa mtendaji mkuu wa Mkataba wa Bayoanuwai wa Umoja wa Mataifa, 1995 hadi 1998, ndipo akaenda Harvard.

Mimi nilimfuata Twitter miaka mingi, alikuwa anamwaga vibonzo huko kuliko makala. Ila kwenye GMO alikuwa na upande, alizitetea waziwazi, kwa hiyo ukimnukuu usimfanye refa. Alifariki Desemba 2017 akiwa bado anafundisha Harvard.