Jibu: Shida ya kiungo United ni wachezaji au mfumo?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini msimu wa 2024/25 Manchester United ilipenywa ovyo katikati, ilhali Casemiro na Bruno Fernandes ni viungo wa kiwango. Huku mtaani Umoja, kwenye ukumbi tunakotazamia mechi, kila bao likiingia kelele zilikuwa "toa Casemiro!" Mimi nakushauri uanze na hesabu.

Kocha Ruben Amorim alipoichukua timu Novemba 2024 alileta 3-4-3, yaani mabeki watatu, wanne mbele yao ambao wawili kati yao hucheza pembeni, na washambuliaji watatu. Katikati wanabaki wawili, na wapinzani wengi wanaweka watatu. Rudia mechi yoyote ya msimu ule, lakini usiufuate mpira. Mfuate kiungo wa tatu wa wapinzani. Utamkuta nyuma ya mgongo wa Casemiro, peke yake, mkono juu akiomba pasi. Akiipata, beki wa kati analazimika kutoka kumfuata, na huko nyuma panabaki pengo.

Dawa imo ndani ya mfumo huohuo: mmoja wa washambuliaji wawili wa ndani, wale wanaocheza nyuma ya mshambuliaji wa kati, ashuke mapema amkabe huyo kiungo wa tatu. Akichelewa, hata Casemiro yule wa Real Madrid angehangaika.

La Bruno ndilo linaniuma zaidi. Ukimshusha acheze chini kama mmoja wa wale viungo wawili, ile pasi ya mwisho ataitoa nani? Tulimaliza wa 15 na pointi 42, jamani! Kabla ya kudai kiungo mpya wa mamilioni, pima kwanza nafasi iliyoachwa kati ya viungo wale wawili na mabeki wao.