Maswali na Majibu: Je, Magari ya Siku Hizi Yameondoa Ladha ya Mbio?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mafinga, na tangu utotoni nimekuwa nikifuatilia mbio za magari kila zinapofika mkoani kwetu Iringa. Mjomba wangu anadai kwamba mbio za sasa hazina ladha kwa sababu magari ya kisasa ya barabarani, ambayo ndiyo chimbuko la magari ya mashindano, yamejaa kompyuta, hivyo yanapita kwenye kona yamenyooka kama basi la abiria. Je, kitaalamu ana haki? Pia najiwekea akiba ili siku moja nishindane. Ninunue gari jipya kidogo au nitafute Subaru ya zamani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mjomba wako ameuona ugonjwa, ila amekosea kutaja kinachouleta. Ni kweli kwamba gari la mashindano la leo haliyumbi sana kama yale aliyoyashangilia ujanani, lakini kompyuta anazozilaumu hazimo ndani yake. Gari la daraja la Rally2, ambalo ndilo la kisasa unaloweza kuliona katika mashindano ya Afrika, halina breki za ABS, yaani zinazozuia tairi lisifunge kabisa, wala mfumo wa kulizuia lisiserereke, wala difu (kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu) ya katikati inayoongozwa na umeme. Lina difu mbili tu za kimakanika, ya mbele na ya nyuma, giaboksi ya gia 5 inayoingizwa kwa kuvuta mkono mmoja, na injini ya lita 1.6 yenye turbo, yaani pampu inayoisukumia injini hewa zaidi. Dereva ndiye anayeamua kila kitu.

Kinachofanya gari hilo lipite limenyooka ni shokapu. Shokapu za zamani zilikuwa na mwendo mfupi, na mafuta yake yakichemka zilikuwa zikilegea, hivyo tairi liliruka juu ya mashimo, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Dereva alilazimika kulitupa gari ubavu kabla ya kona ili pua yake ielekee anakotaka. Shokapu ya leo inaweza kushuka shimoni na kupanda bila tairi kuachana na ardhi, na dereva anayelala ubavu bila sababu anapoteza muda tu. Mwaka mmoja nilisimama ndani ya msitu wa Sao Hill, kwenye kona ya kulia iliyozungukwa na miti ya paini, ambako udongo mwekundu ulikuwa umelowa kwa ukungu wa asubuhi. Subaru Impreza ya zamani niliisikia muda mrefu kabla sijaiona. Ikatokea kwa mkia, ikamwaga matope hadi kwenye viatu vyetu, na watu wakapiga mbinja. Gari la Rally2 lilipokuja lilifunga breki likiwa karibu mno na kona, likageuka mara moja kama mlango wa bawaba, likatoweka. Mwenzangu aliyekuwa na saa alituonyesha kwamba hilo la pili lilikuwa la kasi zaidi kwa sekunde kadhaa katika kipande kile kifupi. Hakuna aliyelipigia mbinja.

Kwa hiyo kama ladha ni kuona gari likihangaika, mjomba wako ana haki ya kuikosa, ila lawama ni ya wahandisi wa mashindano na si ya gari la barabarani. Sauti pia inachangia. Mngurumo wa Subaru za zamani ulitokana na mabomba ya kutolea moshi yasiyolingana urefu, na Subaru wenyewe walipoyalinganisha katika matoleo kadhaa ya baadaye ili turbo ifanye kazi vizuri, mngurumo ule ulikufa.

Hata hivyo, gari la barabarani lina kosa lake, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko analolisema mjomba. Chini ya kanuni za Kundi A, zilizotawala ubingwa wa dunia kuanzia 1987, kampuni ililazimika kutengeneza magari 5,000 ya aina ileile ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuruhusiwa kushindana nayo. Baadaye idadi ikapunguzwa hadi 2,500. Ndiyo maana zilizaliwa Lancia Delta Integrale, Toyota Celica GT-Four, Mitsubishi Lancer Evolution na Impreza yenye turbo. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Subaru, na Richard Burns alipoishinda mwaka uliofuata kwa Mitsubishi, mtu wa Makambako au Mbeya mjini aliweza kuona ndugu wa damu wa magari hayo yakishuka kutoka bandarini Dar es Salaam, yakiwa mitumba ya Japani. Mshabiki alikuwa akishangilia gari ambalo jirani yake analo.

Undugu huo umelegea. Ford Puma ya daraja la juu, yaani Rally1, imejengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma na inavuta kwa magurudumu yote manne, ilhali Puma ya dukani ni gari la familia linalovuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Hyundai i20 N ya dukani nayo ilivuta kwa mbele tu. Utengenezaji wa Lancer Evolution ulikoma 2016. Toyota GR Yaris ya 2020, yenye silinda 3 na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, ni mojawapo ya machache yaliyobaki yenye udugu wa kweli, lakini bei yake si ya mtu anayejiwekea akiba Mafinga. Kanuni mpya zilizopangwa kuanza 2027 zinaruhusu hata bodi iliyobuniwa kwa ajili ya mashindano pekee, na hapo jina la gari litabaki kuwa kibandiko.

Sasa nije kwenye akiba yako. Gari la kawaida la miaka ya karibuni sikushauri. Kijana mmoja aliniletea gari la aina hiyo, lenye giaboksi ya mkanda badala ya gia (CVT), akitaka tulijaribu katika barabara ya changarawe. Baada ya mwendo mfupi wa kupanda na kushuka, taa ya joto la giaboksi iliwaka na kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, ikapunguza nguvu ya injini yenyewe, tukarudi mjini kwa mwendo wa baiskeli. Breki zake za ABS nazo zilituogopesha zaidi ya mara moja, kwa sababu kwenye changarawe tairi lililofungwa kabisa hukusanya kilima kidogo cha kokoto mbele yake na kilima hicho ndicho kinacholisimamisha gari, ilhali ABS huachia tairi kabla kilima hakijajengeka. Hendibreki yake ilikuwa kitufe cha umeme, ambacho hakikusaidii kitu kwenye kona kali.

Tafuta Impreza ya zamani ya gia za mkono, tena yenye turbo. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kwenu ni juu zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo ile ya nguvu za farasi 150 itakuwa imekwisha kupoteza zaidi ya 20 kabla hujaanza safari. Ujue tu kwamba magari yaliyopita umri wa miaka minane hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu bandarini, kwa hiyo mara nyingi ni nafuu kununua lililokwisha kuingia nchini. Usimwamini muuzaji anayekuonyesha boneti inayong'aa. Fungua boneti hiyo, safisha kuzunguka vikombe ambamo shokapu za mbele zimefungwa, kisha tafuta nyufa kwa makini chini ya mwanga mkali. Ukiuona ufa karibu na sehemu za kuchomea, funga boneti, mshukuru muuzaji, na uende kuangalia lingine. Giaboksi ya gia 5 ya Impreza za awali ni nyonge ukiongeza nguvu ya injini, kwa hiyo mwaka wa kwanza usiguse turbo. Pesa hiyo itumie kwenye fremu ya usalama ya ndani, viti, mikanda na shokapu. Ukilipata gari, lilete karakana kabla hujalipia, tulipandishe tulitazame chini.