Mchanga Ukishamwagwa, Ni wa Nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: jiji linapata nini likiwa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa ya voliboli ya ufukweni ya wanaume? Najua wengi watataja hoteli, teksi na jina la jiji kuonekana kwenye televisheni. Mimi nasema kinachoweza kubaki ni mchanga, na hata huo hubaki pale tu jiji lilipoupangia mapema.

Hoteli tusizitie chumvi. Katika ziara ya dunia ya FIVB, shirikisho la kimataifa la voliboli, ngazi ya juu ilipoanzishwa mwaka 2022 kwa jina la Elite16 ilikuwa na timu 16 kwenye droo kuu. Timu ni watu wawili, wala hakuna wa akiba. Hao ni wanaume 32. Ongeza wanaokuja kwa mchujo, makocha na waamuzi, bado ni wageni wa kuenea katika hoteli moja au mbili. Anayejenga hoja yake juu ya vitanda ajiandae kuhesabu vitanda vitupu.

Mchanga ndio wenye uzito, kwa maana zote mbili. Uwanja una urefu wa mita 16 na upana wa mita 8, na kina cha mchanga kisipungue sentimita 40. Lakini mchezaji hukimbilia mpira hadi nje ya mistari, kwa hiyo ukiacha mita 5 kila upande, eneo linakuwa mita 26 kwa 18. Piga hesabu utapata mita za ujazo 187 hivi, karibu tani 300, yaani malori 15 ya tani 20. Huo ni uwanja mmoja tu, na mashindano ya kiwango hicho hayachezwi kwenye uwanja mmoja. Tena si mchanga wa kujengea nyumba: lazima uwe umeoshwa na kuchekechwa, usiwe na mawe wala vipande vya makombe ya baharini vya kumkata mtu mguu, wala vumbi la kumwingia machoni. Mchanga wa namna hiyo ni mali.

Ndiyo maana bahari si sharti. Gstaad, mji mdogo wa milimani nchini Uswisi, umekuwa ukipokea mabingwa wa mchezo huu kwa miaka mingi. Hamburg ilipoandaa ubingwa wa dunia mwaka 2019 ilimwaga mchanga ndani ya uwanja wa tenisi wa Rothenbaum, na viti vilikuwepo tayari. Hiyo kwangu ni akili kubwa kuliko fahari ya Olimpiki ya Paris 2024, ambako majukwaa ya muda yalisimamishwa chini ya mnara wa Eiffel, wakabeba dhahabu Åhman na Hellvig wa Sweden. Picha zile zilikuwa tamu, sikatai. Lakini mnara wa Eiffel ulikuwa ukijulikana duniani kabla ya voliboli, na jiji lisilo na mnara wa namna hiyo lisidhani litanunua sifa hiyo kwa bei hiyohiyo.

London 2012 ndiyo inayonivutia. Mchanga ulipelekwa Horse Guards Parade, uwanja wa gwaride ulio hatua chache kutoka kwa waziri mkuu, na baada ya michezo sehemu yake ikahamishiwa kwenye viwanja vya wananchi wa kawaida. Linganisha na Sydney 2000. Pale Bondi ufukwe tayari ulikuwa wa watu. Wakaambiwa utazungushiwa uzio na kujengwa uwanja wa muda wa watazamaji 10,000. Wakazi waliandamana, na sioni kwa nini walaumiwe. Mwenyeji aliyefungiwa ufukwe wake ili mgeni acheze ana haki ya kuuliza anafaidika nini.

Kuna jambo moja kwenye swali lenu lililonikwaza: "ya wanaume". Wavu wa wanaume una urefu wa mita 2.43, wa wanawake mita 2.24. Tofauti ni sentimita 19! Malori yameshalipwa, majukwaa yamesimama, waamuzi wapo. Kushusha wavu ni kazi ya dakika chache, na jiji linapata mashindano mawili kwa mchanga uleule. Najua zawadi, vyumba na ratiba vitaongezeka, lakini gharama nzito imeshamezwa. Diwani yeyote anayeombwa pesa za umma aanze kwa kuuliza hilo.

Na kabla ya kutia saini adai ukurasa mmoja zaidi katika mkataba: mchanga utapelekwa mitaa ipi, kwa malori ya nani, nani ataufunika turubai usiku paka wasije kuugeuza choo, na watoto wa shule wataruhusiwa kuingia saa ngapi bila kulipa. Mwandaaji akisema hayo yatazungumzwa baada ya fainali, mkataba usitiwe saini.