Kabla ya Kuisifu Plastiki, Muulize Aliyetoa Damu

Tulikuwa tunapima mrija wa katheta, ule unaoingizwa mwilini mwa mgonjwa. Unakata vipande, unavilaza kwenye damu mbichi ya binadamu kwa nyuzijoto 37, kisha unahesabu chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilizobaki ndani yake. Zilizopungua zimenata kwenye plastiki au zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Siku hiyo mrija ulitoka safi, wenzangu wakafurahi. Mimi niliingiwa na wasiwasi nilipofika kwenye kipande cha kioo. Kioo tunakiweka makusudi kwa sababu huchokoza damu, lakini safari hii hesabu yake ilikuwa imeshuka kidogo tu.

Huenda kasoro ilikuwa kwenye damu yenyewe. Nikamrudia dada aliyetutolea damu. Asubuhi nilimuuliza kama ametumia dawa, akakataa. "Dawa sijatumia," akasisitiza. "Nilimeza aspirini tu juzi, jino lilikuwa linaniuma."

Hakunidanganya, swali langu ndilo lilikuwa bovu. Siku hizi nataja moja moja: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, vidonge vya mafua. Aspirini hufunga kimeng'enya ambacho chembe sahani hukitumia kuziita wenzake. Kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine, basi hubaki hivyo maisha yake yote, yaani siku 7 hadi 10. Aliyemeza kidonge kimoja namwomba arudi baada ya siku 10, hata kama ratiba inatubana.

Mengine ni ya mkono. Mshipa ukikataa, usichokoechokoe. Hamia mkono mwingine au tafuta mtu mwingine. Chupa ya kwanza ya damu weka kando. Usitikise, geuza taratibu. Kuzuia damu isigande tumia sitreti, achana na chupa ya kifuniko cha zambarau, maana dawa iliyomo, EDTA, hunyang'anya kalsiamu kupita kiasi na chembe hazitendi tena kama zilivyo. Na tafadhali, damu hii isiingie kwenye friji: baridi huziharibu umbo hata kabla hazijakutana na plastiki. Maliza kazi ndani ya saa 4.

Tulirudia kwa damu ya mtu mwingine. Kioo kilizinasa chembe kama kawaida, na mrija wetu nao hesabu yake ikashuka. Kwenye hadubini ya elektroni tukaziona juu ya plastiki, zimetanda, zimetoa miguu kama buibui. Mrija huo ulikuwa unaandaliwa kukaa wiki kadhaa ndani ya mshipa wa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu.