Shangazi, nizichanganye sarafu zangu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mchoraji wa nembo, nipo Tanga. Nina mteja Ujerumani anayenilipa kwa sarafu ya mtandaoni, Bitcoin. Mwezi uliopita alikataa bei yangu mpya, akasema ameangalia mtandaoni na kuona nina akiba ya kutosha. Niliona aibu, kisha hasira. Rafiki yangu ananishauri nipitishe sarafu kwenye huduma ya kuchanganya ili mteja asizione tena. Huduma hizo zinafanyaje kazi? Ni salama?
Mchoraji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hasira yako ni ya haki. Huyo mteja amekukosea adabu.

Nilikaa dirishani benki miaka kumi na moja, na kosa ambalo lingenifukuzisha kazi siku hiyohiyo ni kumtajia mtu salio la mwingine. Bitcoin haina dirisha. Ni daftari moja lililo wazi kwa dunia nzima: majina hayamo, ila kila anwani, yaani namba ya kupokelea sarafu, na kila kiasi kimo. Anwani yako mteja anaijua kwa sababu ulimpa ili akulipe.

Mchanganyaji hukata uzi unaokuunganisha na sarafu zako hivi. Wewe na wageni wengi mnatia sarafu katika chungu kimoja. Anatoa ada yake, kisha baada ya saa au siku kadhaa anakutumia kwenye anwani mpya sarafu zilizotiwa na wengine. Msoma daftari anaona zako zikiingia, hajui zipi zilizotoka ni zako. Lakini ukitia 0.7341 leo na kesho kikatoka karibu kiasi hichohicho, mwenye macho ataviunganisha. Ndiyo maana Tornado Cash, huduma ya kuchanganya iliyoanza 2019 kwenye Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu, ilipokea etha, sarafu ya huko, kwa viwango maalumu, 0.1, 1, 10 au 100, ili amana zifanane. Pale chungu kilishikwa na programu. Kwingine kuna mtu nyuma yake, na unamkabidhi jasho lako bila risiti. Akifunga usiku, utamdai wapi?

Tena chunguni hamko wachoraji peke yenu. Machi 2022 wezi walichota zaidi ya dola milioni 600 kwenye mtandao mwingine wa sarafu uitwao Ronin, na sehemu ya fedha hizo ikapitia Tornado Cash. Agosti mwaka huohuo Marekani ikaiwekea vikwazo, ikaviondoa Machi 2025. Sasa fikiria siku unapotaka shilingi zako. Soko la kubadilishia likiona sarafu zimetoka chunguni, laweza kuzuia akaunti na kukuhoji. Ankara za kazi unazo, lakini uzi unaoziunganisha na hizo pesa umeukata mwenyewe.

Shida yako haihitaji dawa kali hivyo. Pochi nyingi za Bitcoin, yaani programu za kutunzia sarafu, hukutengenezea anwani mpya kila unapotaka kupokea. Toa mpya kwa kila ankara, na ile ya zamani usiipokelee tena. Wengi hukosea baadaye: wakilipa kwa kuunganisha sarafu za anwani mbili katika muamala mmoja, daftari linaonyesha kuwa zote ni za mtu mmoja. Tafuta pochi inayokuruhusu kuchagua sarafu zipi zitoke. Kisha mwandikie mteja wako ankara yenye bei mpya na anwani mpya.