Mwanangu hataki kula: nimpe dawa ya hamu?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa mtoto wa kwanza, binti wa miezi tisa. Alizaliwa na kilo 3.0, alipotimiza miezi sita alikuwa na kilo 6.8, na sasa ana 7.6. Ananyonya vizuri, anatambaa, anacheka na kila mtu. Shida ni chakula. Nilimwanzishia alipofikisha miezi sita kama nilivyoelekezwa, na kila kitu nakisaga kwa blenda, lakini kijiko kikikaribia tu anafumba mdomo na kugeuza shingo. Mlo mmoja unatuchukua saa nzima, na mara nyingi tunaishia kulia sote wawili. Jumamosi tulitoka na baba yake kwenda kula mgahawani, mara ya kwanza tangu nijifungue. Nilimbebea chakula chake, akakitema chote. Halafu akanyoosha mkono kwenye sahani ya baba yake, akachukua kiazi akala, akafuatisha na samaki. Nilishtuka na nikaogopa atapaliwa, nikamnyang'anya. Mtoto wa rafiki yangu ana umri huohuo na ana kilo 10. Muuza dawa ameniuzia dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, amesema nimpe kijiko kidogo kila jioni. Sijaanza. Nimpe?

Jibu: Mama, usimpe. Umefanya vizuri sana kuuliza kabla ya kufungua hiyo chupa, maana wengi wananifikia ikiwa imebaki nusu. Ukiona nimeandika kwa ukali huko mbele, ujue ukali huo si wako.

Nianze na kilo, kwa sababu hofu yako yote imetokea hapo. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vinaonyesha kwamba mtoto wa kike aliye katikati kabisa ana kilo 7.3 akiwa na miezi sita na kilo 8.2 akiwa na miezi tisa. Wako alikuwa chini kidogo ya katikati wakati ule, na yuko chini kidogo ya katikati sasa. Ameongeza gramu 800. Yule wa katikati huongeza 900. Hiyo katikati si alama ya kufaulu. Nusu ya watoto wa kike wenye afya njema wako chini yake, na lazima wawe huko, ndiyo maana ikaitwa katikati. Mtoto wa rafiki yako mwenye kilo 10 naye yuko ndani ya kawaida, na kilo zake hazisemi lolote kuhusu mwanao.

Kinachowatia wazazi wengi hofu ni kwamba kasi hupungua. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto huyo wa kike wa katikati huongeza kilo 2.6. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa anaongeza 0.9 tu. Angeendelea na kasi ile ya mwanzo, angetimiza miaka miwili akiwa na kilo 24, wakati kawaida ni 11.5. Kwa hiyo kilo kupanda polepole katika umri huu ndivyo mwili unavyotakiwa kwenda. Ninachokitazama kwenye kadi ni kama mtoto anafuata mstari wake mwenyewe. Wako anaufuata.

Sasa turudi mgahawani, kwa sababu jibu lako lilikuwa pale mezani. Mtoto asiye na hamu ya kula hanyooshi mkono kuchukua kiazi kwenye sahani ya mtu mwingine, wala haongezi samaki. Hamu anayo. Alichokikataa ni rojo, kijiko na macho yako. Naomba usilichukulie kama lawama, kwa maana hakuna aliyekwambia kwamba blenda ina mwisho wake. Kusaga laini ni kwa majuma ya mwanzo tu. Kufikia miezi minane au tisa mtoto anahitaji chakula kilichopondwa kwa uma, chenye mabonge laini, na vipande anavyoweza kushika mwenyewe, kwa sababu kutafuna ni kazi inayojifunzwa na ulimi na taya. Utafiti wa Avon wa Uingereza, uliofuatilia maelfu ya watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliona kwamba waliocheleweshwa chakula chenye mabonge hadi baada ya miezi tisa walikuwa na matatizo mengi zaidi ya kula walipofika miaka saba. Kwa hiyo kesho kiazi kikae mbele yake, kimeiva kiasi kwamba ukikibonyeza kati ya dole gumba na kidole cha shahada kinapondeka, na kimekatwa kwa urefu wa kidole chako ili ncha moja ibaki nje ya ngumi yake. Samaki mchambue kwa vidole, si kwa macho. Mwiba mwembamba macho huukosa.

Hofu ya kupaliwa ina haki yake. Ila kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Kipande kikifika nyuma ya ulimi, mtoto hutoa ulimi, hukohoa, macho hulengwa na machozi, hutoa sauti kama anataka kutapika, kisha hukirudisha mbele na kuendelea kutafuna. Huo ni ulinzi, na kwa watoto wachanga huamka mapema kuliko kwetu. Ukiingiza kidole mdomoni wakati huo unaweza kukisukuma kipande chini. Kukabwa kwenyewe huwa kimya: hakuna kikohozi, hakuna kilio, hewa haipiti. Hapo unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, unampiga kwa kiganja kati ya mabega mara tano. Kisipotoka, unamgeuza chali na kumbonyeza katikati ya kifua mara tano, unarudia, na aliye karibu anaita msaada. Wewe na baba yake jifunzeni jambo hili kwa mtu anayeweza kuwaonyesha kwa vitendo. Karanga nzima, bisi, zabibu nzima, karoti mbichi, pipi ngumu na soseji iliyokatwa kwa mviringo hazimfai kabisa sasa, nyumbani wala mgahawani.

Mkitoka tena, na ninatamani mtoke, mwambieni mpishi awatolee sehemu ya mtoto kabla ya chumvi na mchuzi. Mwaka wa kwanza chumvi yote ya siku isifike gramu moja, na vyakula vya mgahawani huipita mara moja. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, hata iliyo ndani ya sosi au keki, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia. Chakula ulichokibeba kisikae zaidi ya saa mbili nje ya friji, na kwenye joto kali saa moja. Mkalishe wima, karibu na meza mnapokula ninyi, simu iwe mbali. Akichafua meza, futeni, msiombe radhi sana.

Kisha lile la saa nzima. Acha. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, na akigeuza shingo amekwambia ameshiba au hataki. Ondoa sahani bila maneno. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo la binti yako halifiki hata robo lita. Ukilijaza uji mwepesi unaoteleza kama maji, umemshibisha maji. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kudondoka, na chakula kiwe na kitu ndani yake: yai, samaki, nyama iliyopikwa ikalainika, maharage yaliyopondwa, tone la mafuta. Katika umri wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 300 tu kutoka kwenye chakula kwa siku nzima, maana maziwa yako bado yanampa nusu au zaidi ya nguvu zake. Madini ya chuma ndiyo ya kuhangaikia kweli. Akiba aliyozaliwa nayo huisha karibu na mwezi wa sita, na kuanzia hapo mapendekezo ya Marekani ni miligramu 11 kwa siku, kuliko hata mwanaume mzima ambaye anahitaji 8. Ndiyo maana nyama, maini kidogo mara moja kwa wiki, na kunde pamoja na tunda lenye vitamini C si vya kusubiri meno.

Ninaona wazazi wanashika kichwa cha mtoto kwa mkono mmoja na kusukuma kijiko kwa mwingine, wakilenga pale mdomo unapofunguka kulia. Kila siku wanayofanya hivyo wanamfundisha kwamba kijiko ni adui, kisha wanakuja kuniambia mtoto hana hamu. Mwaka 1928 daktari wa watoto Clara Davis wa Marekani alianza kuchapisha matokeo ya jaribio ambalo hatimaye lilihusisha watoto 15 waliokuwa wametoka tu kuachishwa ziwa. Waliwekewa vyakula vingi vya asili visivyochanganywa, na wauguzi wakaamriwa wakae kimya na kijiko mkononi hadi mtoto anyooshe mkono au kuonyesha anachotaka. Wakala ovyo siku hadi siku, leo mayai mengi, kesho karibu hakuna, na wote wakakua vizuri. Msisahau sharti lililofanya hilo liwezekane: mezani hapakuwa na sukari wala biskuti. Kazi ya mzazi ni kuchagua kinachowekwa mezani na saa ya kukiweka. Kiasi, mwachie mtoto. Na chakula alichokikataa mara tatu hakijakataliwa. Wengi huhitaji kukionja mara nane, kumi au zaidi.

Sasa hiyo chupa. Hujanitajia kilichoandikwa juu yake, lakini nyingi ninazoletewa zina siproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio ya kizazi cha zamani, na kuongeza hamu ya kula ni mojawapo ya athari zake za pembeni. Nyingine ni usingizi. Usalama wake kwa watoto wa chini ya miaka miwili haujathibitishwa, na maelezo yake rasmi yanaonya kwamba ikizidi kwa mtoto mdogo inaweza kuleta kuona vitu visivyokuwepo, degedege na hata kifo. Muuza dawa aliyekupa "kijiko kidogo" bila kumpima mtoto, bila kuangalia kadi yake, amekadiria dozi ya dawa hiyo kwa kijiko cha jikoni. Mtoto analala mchana, anakula usiku, mama anashukuru, duka linauza chupa ya pili.

Kinachonikera zaidi kuliko usingizi ni kile ambacho chupa inakifunika. Mtoto anayekataa chakula ghafla huwa ana sababu: vidonda au utando mweupe mdomoni, sikio linalouma, maambukizi ya njia ya mkojo, kifua kikuu, na mara nyingi sana upungufu wa damu, kwa maana kukosa madini ya chuma kwenyewe kunaua hamu ya kula. Mtoto wa namna hiyo akipewa dawa ya hamu atakula kidogo zaidi kwa wiki mbili tatu, na ugonjwa unaendelea. Nao wanaouza "vitamini za hamu" wanauza tumaini. Hakuna vitamini inayomwongezea hamu mtoto ambaye hajaikosa vitamini hiyo.

Kuna chupa na vidonge vibaya zaidi, hasa vile visivyo na lebo au vilivyosagwa na kufungwa kwenye karatasi, na humo hukutwa deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi. Mashavu hujaa ndani ya wiki chache, watu husifia. Huo si unene wa lishe, ni maji na mafuta yaliyohamishiwa usoni, huku urefu ukidumaa na kinga ikishuka. Yeyote anayesoma hapa ambaye mtoto wake amekuwa akipewa dawa ya kunenepesha kwa wiki kadhaa, na uso umevimba, asiikate mwenyewe ghafla. Mwili uliozoea dawa hiyo huacha kutengeneza homoni yake, na ikiondolewa kwa mkupuo mtoto anaweza kuzimia. Ampeleke hospitali leo, abebe chupa au hata karatasi iliyobaki, aseme imetumika muda gani. Mwenye mtoto anayepunguza kilo, au aliyekaa palepale miezi miwili mfululizo, au mwenye homa, mkojo kidogo, macho yaliyozama au uchovu wa kutotaka hata kunyonya, naye aende leo, bila kupitia dukani.